Fundi wa Gilgil anataka kuwa dereva wa mbio: babake auze shamba?

SWALI: Nina miaka 21. Nimesomea ufundi wa magari na nafanya kazi katika gereji moja hapa Gilgil. Baba ni dereva wa matatu, mama anauza mboga sokoni. Tangu Safari Rally irudi Naivasha nimekuwa nikienda kutazama kila mwaka, na nimeamua nataka kuwa dereva wa mbio za magari, iwe rally au hata langalanga, yaani Formula 1. Watu wananiambia huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Baba amesema yuko tayari kuuza nusu ekari tuliyo nayo ninunue Subaru ya kuanzia. Je, nimechelewa? Nianzie wapi? Na shamba liuzwe?

JIBU: Mdogo wangu, nitaanza na shamba kwa sababu hilo ndilo lenye haraka. Mwambie babako asiuze.

Subaru kuukuu utakayouziwa kwa bei ya nusu ekari ni gari la barabarani tu. Kabla wakaguzi hawajaliangalia mara ya pili, linahitaji kizimba cha chuma kilichochomelewa kwa vipimo vinavyokubalika, viti viwili vya mbio, mikanda ya kumfunga mtu sehemu sita, vizima moto, swichi ya kukata umeme inayofikika ukiwa ndani na ukiwa nje, bamba la kuikinga injini kwa chini, na shokomzoba zinazoweza kuvumilia mawe ya Kedong, kule Naivasha. Ongeza helmeti mbili, vikinga shingo viwili na ovaroli mbili zisizoshika moto, maana mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea njia, naye ana shingo na ngozi. Hapo bado hujalipa ada ya kushiriki, bima, mafuta, matairi, gari la kubebea vifaa, na chakula na malazi ya mafundi. Ukishalipa hayo yote, umepata nafasi ya kukimbia shindano moja. Ukigonga jiwe katika mkondo wa pili, yaani kipande cha pili cha njia mnachopimwa muda, na kuvunja mkono wa gurudumu pamoja na giaboksi, nusu ekari imekwisha na saa sita mchana haijafika.

Hili si jambo la kukutisha. Nilikaa kiti cha mwelekezi kwa miaka mingi, na sasa naalikwa kukagua magari kabla ya mashindano, kwa hiyo nawajua kwa sura vijana walioanza kwa kuuza kitu. Wengi wao walikuwa na mguu mzuri kweli. Walichokosa ni pesa ya shindano la tatu. Gari linabaki juu ya mawe nyuma ya nyumba, kila spea inayohitajika kwingine inatolewa hapo, na baada ya muda hata kulitaja mezani kunakuwa kuchokozana.

Huenda babako amesikia habari za Esteban Ocon, na kama hajazisikia atazisikia. Ocon ni Mfaransa, baba yake ni fundi wa magari, na wazazi wake waliuza nyumba wakaishi ndani ya karavani ili mtoto aendelee kushindana. Leo ni dereva wa langalanga. Ni habari ya kweli. Ila uangalie na upande wa pili: alikuwa mtoto, tayari anashinda mbio za karti, vile vigari vidogo vya watoto kuanzia, dhidi ya watoto wa Ulaya nzima, na baadaye Mercedes ikamchukua na kumbeba. Familia zilizouza nyumba na mtoto akaishia kurudi shule hazihojiwi na magazeti. Ndiyo maana tunaijua ya Ocon peke yake.

Sasa umri wako. Kwa langalanga, ndiyo, umechelewa, na hapa sitapaka sukari. Lewis Hamilton alianza karti akiwa na miaka 8. Baba yake alishika kazi kadhaa kwa wakati mmoja ili kulipia matairi na mafuta, na watu hupenda kuishia hapo wanaposimulia. Lakini mwaka 1998, mtoto akiwa na miaka 13, McLaren ilimsajili katika mpango wake wa vijana, na kuanzia hapo bili hazikuwa tena za baba. Bila mkono ule, kazi za baba zisingetosha hata zingekuwa kumi. Leseni ya juu ya kuendesha Formula 1 inadai uwe umefikisha miaka 18 na uwe umekusanya pointi 40 katika misimu mitatu, na pointi hizo hupatikana katika mashindano ya ngazi za chini yake kama Formula 3 na Formula 2. Msimu mmoja wa Formula 2 hutajwa kugharimu zaidi ya yuro milioni 2. Desemba 2024, jijini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za langalanga. Nami ningefurahi kuziona. Zikija zitahitaji mafundi, wasimamizi wa njia na waokoaji kutoka ukanda huu wote. Hazitafupisha njia ya kufikia kile kiti.

Kwa rally habari ni nyingine kabisa.

Chukua Wafaransa wawili unaowafahamu. Sébastien Loeb alikuwa mchezaji wa sarakasi za jimnastiki na alifanya kazi ya ufundi umeme. Mwaka 1995, akiwa na umri wako huohuo wa miaka 21, aliingia katika shindano la kusaka vipaji lililoitwa Rallye Jeunes. Hakushinda. Akarudi mwaka uliofuata, hakushinda tena, lakini kuna watu walimwona wakamtafutia gari. Kuanzia 2004 hadi 2012 alichukua ubingwa wa dunia mara 9 mfululizo. Sébastien Ogier alisomea ufundi wa magari na kufundisha watu kuteleza kwenye theluji. Alishinda Rallye Jeunes mwaka 2005, naye alikuwa na miaka 21. Ndiye uliyemwona akishinda Naivasha mwaka 2021, na tena 2023.

Angalia kilichowafikisha pale. Vipaji walikuwa navyo, sawa, lakini Nakuru kuna vipaji, Mbale kuna vipaji, Morogoro kuna vipaji. Ufaransa ilikuwa na shirikisho lililokubali kutafuta vijana wasio na magari, likishirikiana na kampuni ya magari, Peugeot, iliyokubali kulipia msimu wa mshindi. Kijana alileta mikono na macho yake, na gari akalikuta pale. Hapa kwetu mlango wa namna hiyo umefunguka mara chache, na ukifunguka huwa hauchukui muda kufungwa.

Umewahi kufunguka, lakini. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, lilianzisha mpango ulioitwa Rally Star kwa vijana wa miaka 17 hadi 26. Sehemu ya mchujo ilifanyika kwenye michezo ya kompyuta, kisha waliochaguliwa wakapewa mafunzo na magari ya Ford Fiesta ya daraja la Rally3. Max Smart wa Afrika Kusini alipita humo. Romet Jürgenson wa Estonia alipita humo pia, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Kabla ya hapo Jann Mardenborough, kijana wa Cardiff, alishinda mwaka 2011 shindano la Nissan la kutafuta madereva miongoni mwa wacheza michezo ya kompyuta, na mwaka 2013 alisimama jukwaani katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba usukani wa kompyuta ni mchezo wa watoto, mwache na yake. Kama kuna rafiki au saiba yenye usukani wa kuchezea, tumia saa zako hapo, hasa kujifunza kuendesha kwa kusikiliza maelekezo ya njia. Fuatilia matangazo ya FIA na ya shirikisho letu la mbio za magari hapa Kenya, KMSF, ili mlango ukifunguka tena usiusikie baada ya mwezi.

Utanikumbusha habari za Wakenya watatu waliopewa Fiesta za Rally3: McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome. Kimathi mwaka 2022 aliendesha hadi kwenye theluji ya Sweden, na nilifurahi kama watu wengine wote. Lakini jina la McRae lenyewe alipewa na babake kwa heshima ya Colin McRae, dereva mashuhuri wa rally, na huyo babake, Phineas Kimathi, alikuwa dereva wa rally kabla ya kuongoza shirikisho. Babake Hamza naye, Asad Anwar, ni dereva wa rally. Sisemi hawakustahili. Nasema walikua wakicheza chini ya magari ya mbio, wakijua nani anapigiwa simu na lini. Hicho ndicho unachopaswa kukipata kwanza, na habari njema ni kwamba hakinunuliwi kwa shamba.

Kwani huu mchezo umekuwa wa matajiri siku zote? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini bingwa aliyependwa kuliko wote katika historia ya Safari Rally alitoka kwenye spana. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji ya babake, na baadaye akafanya kazi ya kuzunguka barabarani akiwakwamua wanachama wa chama cha magari walioharibikiwa njiani. Alianza kushindana akiwa karibu na miaka 30. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544, gari lililokwisha kutumika katika mbio hizohizo na kampuni ya Volvo yenyewe kabla hajalinunua. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gereji ya babake ilikuwa mtaji, sitaki kuficha hilo. Lakini watu waliomfahamu hawakusifu sana kasi yake. Walisifu jinsi alivyosikia gari linapoanza kulalamika, akapunguza kabla halijavunjika.

Sifa hiyo bado ina thamani. Safari ilianza mwaka 1953, na imewahi kuwa ngumu kiasi kwamba mwaka 1963 na tena 1968 magari 7 tu ndiyo yalimaliza. Siku hizi ni fupi na ina kasi zaidi, lakini vumbi laini kama unga wa ngano, lile linaloitwa fesh-fesh, bado linaingia kwenye chujio la hewa na kuizima injini ya gari la yuro laki kadhaa mbele ya kamera. Na kuna kanuni moja ambayo watazamaji wengi hawaijui: gari likiwa nje ya kituo cha huduma, watu wanaoruhusiwa kulitengeneza ni dereva na mwelekezi wake tu, kwa vifaa walivyobeba ndani. Fundi mwenye mikono mia moja anaweza kusimama mita tatu kutoka hapo na asiruhusiwe kushika hata nati.

Hapo ndipo ninapotaka ufike. Usianze na kiti cha dereva. Anza na kiti cha kushoto.

Mwelekezi ndiye mtu wa pili ndani ya gari, na karibu kila msimu kuna dereva mwenye gari na pesa ambaye hana mwelekezi wa kutegemewa. Aliyekuwa naye amepata kazi Dubai, au mkewe amejifungua, au wamekosana juu ya kona moja. Madereva wengi wa ngazi ya nchi huwabeba waelekezi wao kwa gharama zao wenyewe. Utahitaji leseni yako na, ukiweza, helmeti yako. Unapata ndani ya gari kilomita ambazo usingeweza kuzilipia maisha yako yote. Na dereva mwenye akili akiambiwa mwelekezi huyu anaweza kubadilisha mkono wa gurudumu uliovunjika kando ya njia kwa dakika chache, hamwachii mtu mwingine.

Kazi yenyewe inajifunzika. Kabla ya mbio kuna siku za kukagua njia. Mnapita kila mkondo mara mbili, kwa gari la kawaida na kwa mwendo uliowekewa kikomo. Mara ya kwanza dereva anasema anachoona na mwelekezi anaandika kwa mkato: kona ya kulia na ukali wake kwa namba, mita ngapi hadi kona inayofuata, kilima kinachoficha njia, mtaro wa kushoto, jiwe lililo ndani ya kona ambapo dereva asikate. Mara ya pili mnasahihisha. Siku ya mbio unamsomea. Ukisoma mapema mno anasahau, ukichelewa mko mtaroni. Zaidi ya kusoma, unashika saa: mkifika kituo cha muda dakika moja mapema mnaadhibiwa, mkichelewa mnaadhibiwa, na madereva wengi hawawezi kufanya hesabu hiyo wakiwa wamekasirika. Jizoeze ukiwa umekaa mbele ya matatu ya babako asubuhi. Andika njia ya kutoka Gilgil hadi Nyahururu, kona kwa kona, kisha jioni mnaporudi isome kimoyomoyo uone kama umepotea. Kichefuchefu cha kusoma ndani ya gari linalorukaruka kitakushika siku za mwanzo. Wengi huzoea. Wasiozoea hujua mapema, bila kupoteza shamba.

Na usidhani kiti hicho ni chumba cha kungojea tu. Jean Todt alikuwa mwelekezi wa rally kabla ya kuongoza Ferrari katika langalanga na baadaye kuwa rais wa FIA kuanzia 2009 hadi 2021. David Richards alikuwa mwelekezi wa Ari Vatanen walipochukua ubingwa wa dunia mwaka 1981, kisha akaanzisha Prodrive, kampuni iliyotengeneza zile Subaru za buluu ambazo nadhani unayo picha yake ukutani. Sijui kama utaishia kuendesha. Najua kwamba anayejua njia, saa na gari hakosi kazi katika mchezo huu.

Lakini hata kiti cha mwelekezi hapewi mgeni. Kabla yake kuna ngazi mbili ambazo hazihitaji pesa, zinahitaji wikendi zako. Ya kwanza ni usimamizi wa njia. Kila mashindano yanahitaji watu wa kusimama kwenye vituo, kushika bendera, kuzuia mifugo na watazamaji, kurekodi muda. Mafunzo hutolewa kabla ya mbio. Wewe uko Gilgil, mikondo ya Soysambu na Elmenteita iko mlangoni kwako, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kufanya kazi hiyo. Msimamizi wa njia huona kila gari likipita kona ileile, la bingwa na la wa mwisho, na hujifunza nani anafunga breki wapi. Hakuna chuo cha bei rahisi zaidi ya hicho.

Ya pili ni kikosi cha mafundi. Timu ndogo za ngazi ya nchi mara nyingi huendeshwa na mafundi wawili wa kudumu na marafiki. Wanahitaji mtu wa kuamka saa kumi usiku, asiyelewa, anayeweza kubadilisha klachi ardhini kwenye matope huku saa inahesabu. Malipo ya mwanzo yatakuwa posho na chakula. Kubali kwa msimu mmoja, usikubali kwa misimu mitano. Kuna wenye timu wanaofanya ndoto ya kijana kuwa nguvukazi ya bure, na ukiona mwaka wa pili hujapewa hata kuliingiza gari kwenye trela, hamia timu nyingine.

Leseni zenyewe hazina mzungushano mkubwa. Unajiunga na klabu inayotambuliwa na shirikisho, unapimwa afya, unalipa ada ya mwaka. Hapa ni KMSF. Wasomaji wetu wa Uganda waende FMU, wa Tanzania chama cha magari cha AAT, wa Rwanda RAC.

Kuendesha je? Utaendesha, kwenye otokrosi. Hii ni njia ya vumbi iliyofungwa, kilomita chache tu, gari moja moja likishindana na saa. Hukutani na lori, hakuna kilima kinachoficha ng'ombe, na ukiteleza mara nyingi unaishia kwenye nyasi. Kuna madaraja ya magari madogo yanayovutwa na magurudumu mawili, na hapo ndipo Subaru yako ya ndotoni inapokuwa kosa. Gari la magurudumu manne lenye turbo lina difu zaidi, shafti zaidi, joto zaidi, na kila kimoja kina bei. Starlet au Corolla kuukuu iliyovuliwa viti na kupewa kizimba kizuri itakufundisha mengi zaidi, kwa sababu haina nguvu ya kukufichia makosa. Uliza klabu kama watu wawili au watatu wanaruhusiwa kuchangia gari moja na kulikimbiza kwa zamu. Mkiwa mafundi watatu mnaochanga, mmoja ana injini, mwingine anajua kuchomelea, gari linaweza kupatikana bila mtu kuuza chochote. Kizimba tu msikichomelee kwa kukisia. Pata vipimo kwa mkaguzi kabla hamjanunua bomba, la sivyo mtakuja kwangu na itabidi nikatae.

Kuhusu vifaa vya mtumba, tahadhari moja. Viti na mikanda ya mbio ina lebo yenye kiwango cha FIA na mwaka. Vingi huisha muda baada ya miaka 5, hata kama vimekaa kabatini na vinang'aa. Kuna watu wanauza mikanda iliyopitwa na wakati kwa vijana kama wewe kwa "bei ya ndugu". Angalia lebo kwanza, rangi baadaye. Helmeti iliyowahi kugonga kitu usiinunue hata ukipewa kwa mkopo.

Wadhamini watakuja baadaye kuliko unavyofikiri, na hawatakuwa kampuni za simu. Gari la Rally3 hugharimu takriban yuro 100,000 na la Rally2, daraja la juu yake, zaidi ya 200,000. Anayelipia hayo anataka jina linalojulikana tayari. Wako wa kwanza ni mwenye duka la spea Nakuru, mwenye kituo cha mafuta, fundi wa matairi. Usiende kwake na hadithi ya ndoto. Nenda na karatasi moja: mashindano mangapi mwaka huu, wapi, jina lake litakaa sehemu gani ya gari, picha ngapi atapata za kubandika dukani, na wewe utamfanyia nini. Omba vitu kabla ya pesa. Lita kumi za oili, seti ya matairi, punguzo la spea. Ni rahisi mtu kutoa kilicho kwenye rafu yake, na akishatoa anakuwa na sababu ya kuuliza ulimaliza wa ngapi. Baada ya kila shindano mpelekee majibu, hata ulipovunjika. Hasa ulipovunjika. Wengi hupotea hapo wakiona aibu, na mdhamini hawasahau.

Na jihadhari na watu wa mitandaoni wanaotafuta "vipaji vya Afrika" na kutaka ada ya usajili ili wakupeleke majaribio Ulaya. Mpango wa kweli utaukuta umetajwa na FIA au na shirikisho la nchi. Mtu anayekutumia namba ya kulipia kabla hajaona ukiendesha hata baiskeli, mfungie.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, lakini najua vijana wa gereji. Barabara ya Nakuru kwenda Naivasha si mahali pa mazoezi. Gari la mteja unalolijaribu baada ya kulitengeneza si la mazoezi pia. Licha ya kwamba unaweza kuua mtu, na hilo peke yake linatosha, mchezo huu ni mdogo na habari zinasafiri. Hakuna mwenye timu atakayempa gari lake mtu anayejulikana kwa kukimbizana na magari ya mboga usiku.

Ukinilazimisha nikupe makadirio, naona msimu wa kwanza ukiwa na bendera na spana, wa pili ukianza kusoma maelekezo katika mashindano madogo, na gari la otokrosi la kuchangia likiwa tayari mahali fulani katikati ya hapo. Ukifika miaka 25 utakuwa umekaa ndani ya gari la rally kilomita nyingi kuliko watoto wengi wa matajiri unaowaonea wivu, na utakuwa unajua kama una kasi au huna. Patrick Njiru alipomaliza wa 4 katika Safari ya 1994 kwa Subaru, hakuwa kijana mdogo. Rally inasubiri.

Basi tafuta kalenda ya KMSF ya mwaka huu, chagua raundi iliyo karibu nawe, na uende kwenye ukaguzi wa magari siku moja kabla ya mbio, si siku ya mbio ambapo hakuna mwenye nafasi ya kuongea. Tafuta timu iliyo na gari moja na mafundi wachache. Usimwambie kiongozi wao kwamba unataka kuwa dereva, anasikia hivyo kila wiki. Mwambie unafanya kazi gereji Gilgil, umewahi kushusha giaboksi za Subaru, na uko huru kuanzia Ijumaa hadi Jumapili usiku. Uvae viatu vya kazi, na usivae jezi ya timu nyingine.